Donda Ndugu na Kinachojificha Nyuma Yake

Akina mama wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hukatwa miguu na matumbawe mara kwa mara maji yanapokupwa. Majeraha hayo huoshwa, hufungwa kitambaa, na mengi hupona ndani ya wiki mbili au tatu. Lile lisilopona huitwa donda ndugu, kana kwamba limekwisha kuwa mmoja wa jamaa wa nyumbani.

Hatari ya kidonda hicho ni kuzoeleka. Mgonjwa hubadilisha dawa: leo asali, kesho unga wa kapsuli ya antibiotiki. Swali la kwa nini ngozi imeshindwa kufunga haliulizwi.

Aghalabu jibu ni kisukari. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva na mishipa ya damu ya miguu. Mtu akakanyaga msumari asihisi. Katika Mji Mkongwe, ambako viatu huvuliwa msikitini na mlangoni mwa nyumba, mgonjwa wa kisukari hana budi kukagua nyayo zake kila usiku, au amwombe mjukuu amwangalizie. Kidonda kisichouma si kidonda chepesi. Pengine ndicho cha kuogopwa zaidi.

Ukoma nao huua hisia, na bado hugunduliwa Unguja. Baka lililopauka lisilohisi mguso ni dalili ya kuulizia. Dawa yake ya mseto hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12.

Saratani huja kwa sura nyingine. Kovu la zamani la moto hufumuka upya, kingo zikainuka na kuwa ngumu, damu ikatoka kwa kuguswa tu. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika juu ya vidonda vya makovu mwaka 1828, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Hapa macho hayatoshi: hukatwa kipande kidogo cha ukingo kikachunguzwe maabara. Wenye ualbino wasingoje kovu. Kidonda chochote kinachodumu usoni, masikioni au shingoni kichunguzwe.

Kidonda kikipita wiki 4 bila kupungua, mhudumu wa kituo apime sukari na VVU, atafute mapigo ya damu juu ya unyayo, ajaribu hisia kwa uzi wa nailoni, akumbuke pia kifua kikuu cha ngozi na selimundu, kisha ampe mgonjwa rufaa, mathalani kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja. Ama wekundu unaopanda, weusi, harufu mbaya au homa, rufaa ni siku hiyo hiyo.