Nzi wa Ngozi ya Sungura

Wengi hudhani samaki mkubwa hudanganywa na rangi. Wauza vifaa vya uvuvi wanalijua hilo, ndiyo maana rafu zao zimejaa vinavyometameta: vimnase mnunuzi kwanza, samaki baadaye. Kumbe chambo bandia, ambacho wavuvi hukiita nzi, kinachowatia adabu samaki wakubwa ni ukanda mwembamba tu wa ngozi ya sungura, manyoya yake yakiwa juu yake, uliofungwa kwenye ndoana. Mmarekani Dan Byford ndiye aliyebuni nzi maarufu wa aina hii miaka ya 1970, akamwita Zonker.

Uchawi wake umo katika manyoya laini ya chini, yale yanayofichwa na marefu. Vuta mshipi: maji huyalaza manyoya, mwili ukakonda. Acha kuvuta: yanatanuka tena, mwili ukanenepa, na mkia ukaendelea kujinyonganyonga. Plastiki ngumu ikisimama imekufa. Ngozi ikisimama bado inapumua. Hapo ndipo samaki mkubwa huvamia, maana windo linalosita ni rahisi kukamata. Hata maji yakiwa machafu, mstari wa hisi ulio ubavuni mwake humpasha habari za mtikisiko huo.

Ukanda hukatwa kwa wembe kutoka upande wa ngozi, ngozi ikiwa imeinuliwa hewani, kwa kufuata ulalo wa manyoya. Upana wa milimita 3 hivi unatosha. Mkasi hauna kazi hapa. Hukata manyoya pamoja na ngozi. Ukanda hufungwa kwa uzi mbele, karibu na tundu la ndoana, na tena nyuma, pale shina linapoanza kupinda.

Kinachowaponza wengi ni tamaa ya mkia mrefu. Mkia huo hujisokota kwenye mpindo wa ndoana wakati wa kurusha, nzi akaja akizunguka ovyo, na samaki wa maana hamgusi. Mkia usizidi urefu wa shina. Anayetaka mrefu zaidi aweke kitanzi kidogo cha nailoni ngumu chini yake kiushikilie. Tena ngozi ikilowa ni nzito, hivyo fimbo nyepesi itakutesa.

Wengine humzamisha nzi kwa vizito vya madini ya risasi. Tabia hiyo iachwe. Uingereza ilipiga marufuku vizito vingi vya risasi vya wavuvi wa ndoana mwaka 1987, baada ya mabata maji kufa kwa sumu yake. Shanga za shaba hufanya kazi hiyo bila kuua ndege.

Linaloudhi zaidi liko nyumbani. Kenya ina mafundi wanaofunga nzi bandia kwa mkono kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani, na ina wafugaji wa sungura. Hata hivyo nyama ikishaliwa, ngozi nyingi huishia shimoni.

Na ngozi hizo zina kazi: nzi huyu huvua trauti wa Alaska, samoni, paiki (huyu ana meno, tanguliza waya), hata sangara wa Mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison. Mweusi, mweupe, wa kijani cha zaituni, wote huvua.

Mfugaji, kwangua mafuta ya ngozi, paka chumvi, kausha kivulini, kisha mtafute fundi wa kuilainisha. Nawe mfunga nzi, kabla hujaagiza ngozi ng'ambo, kaulize kwanza kwa jirani anayefuga.