Mwamba Uliofungwa Miezi Saba

Haya, kaeni vizuri. Leo sina sungura wala fisi. Nina pweza, na pweza huyu si wa kubuni. Ni wa Madagaska, kisiwa kile kikubwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini.

Kusini-magharibi mwa kisiwa hicho wanaishi watu waitwao Wavezo, watu wa bahari tangu enzi na enzi. Bamvua likifika na maji yakapwa sana, wanawake na watoto hushuka miambani kwa miguu, kila mtu na mti wake mwembamba wenye ncha. Wanakwenda kuchokoa pweza, kama wanavyofanya watu wa Pemba na Lamu.

Ninyi mnaoishi bara pengine mmemwona pweza kwenye picha tu, kwa hiyo nieleze. Pweza ni bingwa wa kujificha. Anaingia kwenye tundu la mwamba, anabadili rangi ya ngozi yake, na wewe unakanyaga karibu naye usimwone. Lakini ana kasoro moja: hajui kuficha taka. Akishamla kaa au kombe, magamba huyatupa mlangoni. Mchokoaji hodari hamtafuti pweza mwenyewe, anatafuta hilo jaa lake. Akiliona, anaingiza ncha ya mti tunduni na kuchokoa taratibu. Pweza akiudhika anaukamata mti kwa minyiri yake, na kwa ubishi wake huo huo ndivyo anavyotolewa nje.

Zamani pweza huyo aliliwa nyumbani, au alikaushwa akauzwa jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakafika wanunuzi wa makampuni, wenye mizani na barafu, wakimtaka pweza wa kupeleka Ulaya. Fedha ikaonekana, watu wakaongezeka miambani. Haukupita muda wazee wakaanza kulalamika kwamba pweza wamepungua, na wanaopatikana ni wadogo.

Mwaka 2004 watu wa kijiji cha Andavadoaka wakaketi na watafiti wa shirika la Blue Ventures. Wakakubaliana kufanya jaribio. Wakachagua mwamba wa Nosy Fasy, kijisiwa cha mchanga karibu na kijiji, wakaufunga. Kuanzia Novemba 2004 hadi Juni 2005 ilikuwa marufuku kuchokoa pweza pale.

Sasa mtaniuliza: miezi saba inatosha nini? Mbuyu haukui miezi saba. Ni kweli, lakini pweza si mbuyu. Pweza huyu wa miambani, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, maisha yake yote ni mwaka mmoja au mwaka na nusu hivi. Akiwa bado mdogo hukua kwa kasi ya ajabu, na uzito wake unaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa mwezi hivi. Ukimwacha leo akiwa na nusu kilo, baada ya miezi miwili au mitatu unakutana na mnyama mwingine kabisa, na mnunuzi analipa kwa kilo.

Kuna na jambo la mayai. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia tunduni, akayatundika mayai yake darini, mamia ya maelfu, madogo kuliko punje za mchele. Kisha hukaa kuyalinda na kuyapulizia maji safi kwa muda wa mwezi hivi, bila kula. Yakishaanguliwa, mama anakufa. Watoto hupeperushwa na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani. Mkimtoa mama huyo kabla mayai hayajaanguliwa, mmetoa na watoto wote. Ila hata mkimfungia mwamba miaka mitatu mfululizo, hamtamkuta, atakuwa alishakufa zamani kwa uzee. Pweza hawekwi akiba kwa miaka.

Juni 2005 mwamba ukafunguliwa. Pweza walikuwapo, tena wakubwa. Lakini habari ilikuwa imeenea, watu wakaja kutoka vijiji vingine, na kwa siku chache tu faida kubwa ikawa imekwisha kuchukuliwa. Mimi naona siku ya kufungua ndiyo udhaifu mkubwa wa mpango huu. Watu wengi wakikanyaga matumbawe kwa pamoja, mwamba unaumia.

Hata hivyo watafiti hawakutosheka na furaha ya siku moja, na hapa nawaomba msikilize vizuri. Tuseme umefunga mwamba, ukaufungua, ukapata pweza wengi. Umejuaje kwamba ni kufunga ndiko kulikoleta neema? Pengine mwaka ule bahari yenyewe ilikuwa nzuri, na hata usingefunga ungepata. Dawa yake ni kulinganisha. Unapima mwamba uliofungwa, na wakati huo huo unapima mwamba mwingine ambao haukufungwa. Kwa hiyo kazi yao kubwa ilikuwa kukaa ufukweni na mizani na daftari: pweza wangapi, uzito gani, kutoka mwamba gani, waliovua ni watu wangapi. Walifanya hivyo kwa miaka minane, na si kwa mwamba ule mmoja tu: miamba ya eneo hilo ilifungwa na kufunguliwa mara 36.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Katika siku 30 baada ya kufunguliwa, pweza waliotoka kwenye miamba iliyofungwa waliongezeka kwa 718% kuliko siku 30 kabla ya kufungwa. Palipotoka kilo 1, sasa zilitoka zaidi ya 8. Lakini alichopata mvuvi mmoja mmoja kiliongezeka kwa 87% tu, hata maradufu haikufika. Mbona hesabu hizi hazilingani? Fikirini kidogo. Ni wale watu wengi wa siku ya kufungua. Chungu kimekuwa kikubwa, na walaji wameongezeka.

Na kijiji hakikulala njaa wakati wa kusubiri. Eneo lililofungwa lilikuwa karibu moja ya tano tu ya sehemu zao za kuvulia, kwa hiyo watu waliendelea kuvua kwingine, na mapato hayakushuka kwa kiasi cha kutisha. Miamba ambayo haikufungwa, je? Haikuonyesha ongezeko, isipokuwa pale serikali ilipokuwa imezuia uvuvi wa pweza eneo zima kwa wiki sita.

Baada ya Andavadoaka kuonyesha njia, vijiji jirani viliungana mwaka 2006 katika umoja uitwao Velondriake, vikaweka sheria zao za kienyeji za kusimamia bahari. Mtindo huo umeshafika kwetu pia. Watu wa Kisiwa Panza, Pemba, wanafunga miamba yao ya pweza, na huko Pate, Kenya, nao wameanza.

Lakini msiondoke hapa mkidhani kila kitu baharini kinafungwa miezi michache kikapona. Jongoo bahari huchukua miaka kukomaa. Ukimfungia kwa muda wa pweza, unamlinda kidogo kisha unamchukua kabla hajazaa vya kutosha. Kwa hiyo siku mtu akisimama kijijini kwenu akisema bahari ifungwe, msimpinge wala msimshangilie kwanza. Muulizeni anamfungia kiumbe gani, kiumbe huyo anaishi muda gani, na nani atakaa na mizani siku ya kufungua.