Duara Safi Kwenye Bati

Ukifika Kamukunji, Nairobi, mlio wa nyundo hukupokea kabla hujaona jiko hata moja. Fundi amelaza bati juu ya kipande cha reli, tindo mkononi, anafuata mstari wa duara kwa mapigo madogo madogo. Mgeni hujiuliza: mbona hatumii mkasi tu?

Karatasi ukiikata hujikunja ikapisha mkasi. Bati ni gumu. Ukilazimisha mkasi wa kukata mistari iliyonyooka ukate kona, mabapa yake mapana hubanwa pande zote mbili, mkono huchoka na ukingo hukunjamana. Siri ya duara ni kuyafanya masalio yawe membamba ili yapinde na kupisha chombo.

Anza na hesabu. Mfuniko wa sentimita 30 wenye pindo la sentimita 1 unataka duara la sentimita 32, kwa hiyo fungua bikari sentimita 16. Kama huna bikari, misumari miwili kwenye kipande cha ubao inatosha. Gonga kialama katikati ili ncha isiteleze.

Kata kwanza kwa mbali, ukiacha kama milimita 5 nje ya mstari, ndipo urudi mstarini. Ukanda huo mwembamba utajiviringa kama ganda la chungwa. Mikasi ya mafundi mara nyingi hutofautishwa kwa rangi ya vishikio: njano hukata kunyooka, nyekundu hupinda kushoto, kijani hupinda kulia. Usiufumbe mkasi hadi mwisho, kwa maana ncha zikikutana huacha jino ukingoni. Fumba robo tatu, sukuma mbele, endelea.

Kama ni tundu la ndani, toboa kwanza katikati ya sehemu itakayotupwa, kisha zunguka ukipanuka hadi mstarini. Pale mkasi usipoingia, au bati likiwa nene kama la pipa la mafuta, ndipo tindo inapochukua kazi. Kila pigo lianzie ndani ya mkato uliotangulia, la sivyo duara litatoka na ngazi.

Msumeno wa umeme nao una sharti lake: meno yasiyopungua mawili yawe yanagusa unene wa bati wakati wote, vinginevyo litatikisika na kuraruka. Bati jembamba libane kati ya vipande viwili vya plaiwudi, ukate vyote pamoja. Grenda iache kwa mistari iliyonyooka. Diski ikipindishwa ndani ya mkato hubana, na inaweza kupasuka usoni mwako. Miwani ya kinga ni lazima.

Maliza kwa tupa, ndani na nje. Wewe ulivaa glavu ulipokata, lakini mama atakayeshika mfuniko huo jikoni hatavaa.