Ukimponda kiwavi wa mdimu, jua unamuua nani

Juma lililopita, baada ya alasiri, jirani yangu aliniita uani kwake. Mdimu alioupanda mwaka jana ulikuwa umebaki vijiti. "Nimetia majivu, nimetia maji ya sabuni, na majani yazidi kuisha," akalalamika. "Na hawa ndege nao wamenijazia uchafu."

Nikamwambia, "Uchafu huo si wa ndege, mzee wangu. Tazama vizuri, unatembea."

Alivua ndara awaponde. Nilimwomba dakika 5 nimweleze, nami nawaeleza nanyi.

Kiwavi yule akiwa mchanga ana rangi ya kahawia na nyeupe, ndiyo maana ndege humpita wakidhani ni kinyesi chao. Akikua hugeuka kijani kama jani. Ukimgusa hutoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Kisha hujifunga kwenye kijiti kwa uzi, akawa pupa, na mwisho hutoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Wataalamu humwita Papilio demodocus.

Papilio ni jina la jenasi, yaani kundi la spishi zilizo jamaa. Carl Linnaeus wa Uswidi, alipopanga majina ya wanyama mwaka 1758, vipepeo wote wa mchana aliwatia humo. Neno lenyewe ni Kilatini, maana yake kipepeo. Waliomfuata waliwatenga mmoja mmoja, na leo jenasi hiyo ina spishi kama 200. Wengi wao, wangali viwavi, hula majani ya ukoo wa michungwa na midimu.

Kuwatenga hakukuwa kazi rahisi. Chukua Papilio dardanus, anayeishi hata katika misitu yetu ya Pwani. Dume ni wa manjano hafifu, mwenye mikia miwili. Majike wengi wa huku bara la Afrika hawana mkia, na kila mmoja ana vazi lake: huyu mweusi na mweupe, yule wa rangi ya machungwa. Wanaiga vipepeo wengine wenye sumu ili ndege wawaogope. Wataalamu wa zamani walidhani ni spishi mbalimbali, wakawapa majina mbalimbali. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa Cape Town, akaandika kwamba wote ni wake wa dume mmoja. Wapo waliomcheka. Baadaye mayai ya jike mmoja yalifugwa, wakatoka mabinti wa sura tofauti, na ubishi ukaisha.

Kwa hiyo mavazi ya kipepeo yanaweza kukudanganya. Ukitaka kumjua, mfuate tangu yai na jani alilolila. Na hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi. Viwavi wa dardanus hutegemea miti ya mwituni ya ukoo huo wa michungwa. Ukikatwa mti, hakuna kipepeo, hata maua yawe mengi vipi.

Wenzetu wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wanalijua hili kwa mfuko wao. Tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo pale Gede umekuwa ukinunua pupa zinazofugwa na wanakijiji na kuziuza ng'ambo, kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Pesa hiyo inatoka katika msitu uliosimama, si katika gogo la makaa.

Sisemi tuache midimu iliwe. Mche mchanga hauwezi kuvumilia, lakini mti mkubwa hupoteza majani machache ukachipua tena. Waokote viwavi kwa mkono, uwahamishie huko, kabla ya kukimbilia dawa ya sumu.

Jirani yangu alivaa ndara zake. Aliwahamisha saba hadi kwenye mlimau mkubwa wa marehemu mamake. Jana alinipigia simu: wawili wameshajifunga uzi, na wajukuu hawabanduki pale.