Damu ya Sinema Hutoka Wapi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa alisome kwa sauti, polepole, kisha wanafunzi walisome wenyewe kwa zamu.

Kaeni vizuri, fungueni madaftari, na mwenye miwani aivae.

Leo nilikusudia tuendelee na hesabu ya magunia. Lakini imefika barua kutoka darasa la Dakawa, nami nimeona magunia yangoje. Barua yenyewe imeandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa kubwa, na mwandishi wake asema ndiyo barua ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Ni mama mkulima wa mpunga. Jumamosi moja alikwenda kumtafuta mwanawe, akamkuta katika kibanda cha video, kile ambacho vijana hukiita kibanda umiza. Alikwenda kumtoa. Badala yake akakaa, akatazama mpaka mwisho.

Sikilizeni anavyosema: “Niliona mashetani wenye macho ya kung’aa. Niliona mtu mwenye ufunguo uliojaa damu, akaimwaga mlangoni mashetani wasiingie. Walikufa watu wengi. Nauliza, damu ile waliitoa kwa nani? Na jamaa za wale waliokufa walilipwa nini? Sisi tangu utoto twasikia habari za mumiani. Sasa nimeona kwa macho yangu.”

Hayo ni maswali ya mtu mwenye akili, wala asichekwe na yeyote. Mtu akiona jambo kwa macho yake, ni haki yake kuuliza limetokeaje.

Nitajibu kwanza lile la fidia. Hakuna aliyelipwa fidia, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Picha ile naitambua kwa ule ufunguo. Inaitwa Demon Knight, nayo ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Januari, 1995. Yule mkuu wa mashetani, mwenye maneno matamu, ni mchezaji aitwaye Billy Zane. Mwishoni ameshindwa na kuangamia, sivyo? Basi miaka 2 baadaye, yaani 1997, mtu huyo huyo alionekana katika picha ya Titanic, ile ya meli iliyozama. Ndiye tajiri aliyenyang’anywa mchumba. Wengi wenu mmeiona picha hiyo. Mtu aliyeangamia 1995 angepandaje meli 1997? Na yule msichana mweusi aliyesalimika peke yake na kuupokea ufunguo ni Jada Pinkett, ambaye naye alicheza picha nyingine nyingi baadaye. Kazi yao ni kujifanya, na kwa kazi hiyo hulipwa mshahara.

Sasa damu. Damu ya sinema kwa kawaida ni sukari. Huchukuliwa maji mazito ya sukari, mazito kama asali, yakatiwa rangi nyekundu ya chakula. Rangi ikiwa imewaka mno huongezwa rangi nyingine kidogo ili ifanane na damu kweli. Huwekwa katika mfuko mwembamba chini ya shati la mchezaji, au hupitishwa katika mpira mdogo, na mtu aliyejificha pembeni huisukuma. Ndiyo sababu nzi huwasumbua sana watu wa sinema.

Mashetani nao ni watu waliovaa. Mafundi waliowatengeneza waliongozwa na Todd Masters. Kazi ya namna hii huanza na sura ya mchezaji mwenyewe: hupakwa dawa laini, ikikauka huvuliwa, na hapo pamepatikana kalibu, kama kalibu ya tofali, ila ni ya uso. Katika kalibu humiminwa mpira. Mpira ukiganda hupakwa rangi, ukatiwa meno na nywele, kisha mchezaji huuvaa. Kumvika mtu mmoja huweza kuchukua saa nyingi, naye akishavikwa hata kunywa chai ni taabu.

Na je, kichwa kinapokatwa? Hapo ujanja ni wa kukata picha, si wa kukata shingo. Kamera husimamishwa. Mchezaji huondoka, huwekwa sanamu mahali pake, kamera huanza tena. Wewe unayetazama huoni ule muda uliopotea katikati. Waona mtu, mara waona kichwa kimeanguka. Moyo wako ndio uliounganisha vipande viwili.

Lakini kinachotisha zaidi si damu wala mpira. Ni sauti. Wakitaka kujua, vijana wa Dakawa wamwombe mwenye kibanda azime sauti kwa dakika 5 tu, hapo hapo penye kutisha. Wataona watu waliovaa mpira wakirukaruka, na wengine watacheka.

Mama huyu alifika picha imekwisha kuanza. Bahati mbaya, maana mwanzo wake ndio ungemjibu. Mwanzoni yuko mwanamke, na maiti ya mumewe imo katika beseni la kuogea. Maiti inainuka, inamjia. Mara sauti yaita, “Kata!” Taa zinawashwa, na maiti inaanza kukaripiwa kwamba haikucheza vizuri! Anayekaripia ni kitu kama mzoga, mifupa mitupu, kimekaa katika kiti cha msimamizi wa sinema. Yaani watengenezaji wenyewe wamefungua pazia, wakakuonyesha jiko lao kabla ya kukupakulia chakula.

Mzoga huyo aitwa Crypt Keeper, maana yake mlinzi wa chumba cha makaburi. Naye ni mwanasesere wa mpira, aliyetengenezwa na Kevin Yagher. Watu kadhaa humwendesha kwa pamoja, huyu macho, huyu midomo, na sauti yake ni ya mchezaji John Kassir. Historia ya mwanasesere huyu ni ndefu, nayo ilianza katika karatasi.

Mwaka 1950 bwana mmoja wa New York, William Gaines, pamoja na mhariri wake Al Feldstein, walianza kuchapa vitabu vya katuni vya kutisha. Kimoja kiliitwa Tales from the Crypt, yaani hadithi za kutoka makaburini. Mnalijua gazeti la Sani, lenye hadithi za katuni? Basi namna hiyo, ila badala ya kuchekesha vilitisha. Hadithi zake nyingi zilikuwa na mfumo mmoja: mtu amedhulumu au ameua, anadhani amepona, kisha aliyeuawa anatoka kaburini kuja kudai haki yake. Na kila hadithi ilikuwa na msimulizi wa kuifungua na kuifunga, kama bibi zetu walivyoanza kwa “Paukwa”, nasi tukaitika “Pakawa”. Mmoja wa wasimulizi hao ndiye yule mlinzi wa makaburi.

Watoto walivinunua sana. Wazazi wakaogopa. Mwezi wa Aprili 1954 kamati ya Baraza la Seneti la Marekani ilikaa New York kuuliza kama vitabu hivyo vyawafanya watoto kuwa wahalifu. Gaines alikwenda mwenyewe kujieleza. Akaonyeshwa jalada la kitabu chake kimoja, lenye mtu ameshika shoka na kichwa cha mwanamke, akaulizwa kama picha hiyo ni ya adabu. Akajibu kwamba kwa jalada la kitabu cha kutisha, naam, ni ya adabu. Jibu hilo lilimharibia. Mwaka huo huo wachapaji wa katuni walijiwekea sheria, na hata neno la “kutisha” likakatazwa katika majina ya vitabu. Mwaka 1955 Tales from the Crypt ilikoma.

Mimi nadhani kamati ile ilikosea kutafuta mzizi wa uhalifu katika karatasi. Lakini wazazi hawakukosea kabisa. Mtoto wa miaka 8 hana budi kuota usiku akiona mambo kama yale. Demon Knight yenyewe ilipotolewa Marekani, aliye chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuingia bila mzazi au mtu mzima. Kwa hiyo mama, ulipokwenda kumtafuta mwanao hukukosea.

Hadithi zile hazikufa. Mwaka 1989 zilirudi, safari hii katika televisheni, kwa jina lile lile. Kila kipindi kilikuwa na hadithi yake na wachezaji wake, bila kuendelea kipindi kijacho. Kilichobaki ni yule msimulizi tu na vicheko vyake. Vipindi vilikuwa 93 mpaka vilipokwisha 1996. Kwa kuwa watu walivipenda, watengenezaji wakatoa sinema kubwa. Ya kwanza ndiyo hii, Demon Knight, nayo ilisimamiwa na Ernest Dickerson, Mmarekani mweusi ambaye kabla ya hapo alikuwa fundi wa kamera katika picha ya Malcolm X ya 1992. Ya pili, Bordello of Blood ya 1996, ina wanyonya damu. Haikupata watazamaji wengi, na sioni hasara kuipita.

Kwetu pia zimetengenezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa jijini Dar es Salaam picha za kutisha kama Nsyuka na Shumileta, zenye mizimu na majini tunaowajua kwa majina. Hizo huogopesha zaidi kuliko za Wazungu, kwa kuwa shetani amesimama chini ya mwembe kama wa kwako.

Tena msisahau yule anayetafsiri. Katika vibanda vingi picha husikika kwa Kiswahili cha mtafsiri, kazi iliyompatia sifa kubwa bwana aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Mtafsiri hafasiri tu. Huongeza chumvi, huwapa watu majina ya kwetu, huingiza mambo ya mjini. Kwa hiyo ukisikia neno la mumiani katika picha ya Marekani, kwanza uliza: limetoka kwa wenye picha, au kwa mtafsiri?

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya niache magunia. “Sasa nimeona kwa macho yangu.”

Mumiani ni neno la kale. Hapo zamani lilikuwa jina la dawa tu, kitu cheusi kama lami kilicholetwa kutoka Uajemi na Bara Hindi, watu wakikitumia kutibia mifupa iliyovunjika. Watu wakaamini kuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Wakati wa ukoloni habari hiyo ilienea Afrika Mashariki yote, na hapa kwetu Uluguru pia. Kenya na Uganda walishukiwa wazimamoto, wenye magari mekundu. Kwingine alishukiwa mpima ardhi au daktari. Ilitosha awe mgeni, ana gari, ana chupa, na haelezi vizuri anachofanya.

Hayo si ya zamani tu. Tarehe 1 Oktoba, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, waliuawa watu watatu: watafiti wawili wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, na dereva wao. Walikuwa kazini, wakichukua udongo wa kwenda kupimwa. Wanakijiji waliwadhania ni wanyonya damu. Mwaka uliofuata, 2017, kusini mwa Malawi, makundi ya watu yaliua watu kadhaa kwa sababu hiyo hiyo, hata Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Sisemi kwamba sinema ndiyo iliyowaua. Uvumi huu ni mkubwa kuliko sinema kwa umri, na waliobeba mawe walikuwa watu wazima wenye akili zao. Nasema hivi: uvumi ukikosa ushahidi hutafuta ushahidi, na mtu akisema “nimeona kwa macho” kumbe aliona sukari na rangi, amewapa wenzake ushahidi usiokuwapo.

Na ninyi wa Dakawa mko barabara hiyo hiyo ya Morogoro kwenda Dodoma. Hapo kwenu pana kituo cha utafiti wa mpunga. Mbegu mnayoiita SARO 5 jina lake la kitabuni ni TXD 306, na hiyo D ni Dakawa yenu. Mbegu hiyo haikupatikana bila watu kupita mashambani na chupa na mifuko, wakichota udongo na maji na kuandika katika karatasi. Watapita tena. Akifika mgeni wa namna hiyo shambani kwako, una haki ya kumwuliza barua yake kutoka wilayani au kwa mtendaji wa kijiji. Na sasa, mama, unaweza kuisoma mwenyewe.

Kazi ya juma hili ni kama ifuatavyo. Picha ikiisha kibandani, msitoke. Majina hupanda kwenye kioo, mengi, kwa herufi ndogo. Hao ndio waliotengeneza mlichokiona: wa nguo, wa taa, wa nywele, wa kamera. Kama picha ni ya Kiswahili, andikeni kazi 5 mlizoweza kuzisoma, mzilete darasani.

Kwako mama wa Dakawa: barua yako imesomeka vizuri. “Mashetani” umeandika sawasawa. “Ufunguo” umeandika “ufungo”. Umeiruka herufi u. Iandike mara 3 chini ya barua, na utuletee nyingine.

Juma lijalo, magunia. Kwaherini.