Mwanao anakwenda chuo? Zungumzeni pombe kabla hajafunga begi

Kwa familia nyingi za Ngara na Biharamulo, pombe si ngeni. Rubisi ya ndizi haikosekani kwenye sherehe. Chuoni mambo hubadilika: mzazi yuko mbali, na fedha ya chakula iko mfukoni. Viroba vilipigwa marufuku Machi 1, 2017, lakini gongo bado huuzwa kwa siri. Ikiwa na methanoli, hupofusha au kuua.

Asiyekunywa asishawishiwe. Anayekunywa ale kwanza, ajiwekee kikomo, anywe maji katikati, na asipande bodaboda ya dereva aliyelewa. Kahawa haiondoi ulevi. Mwenzao akizimia, wamlaze ubavu, wasimwache peke yake, wamwahishe hospitali.

Mwambie mwanao: “Ukikwama nipigie, hata usiku wa manane. Maswali baadaye.”