Sheria na raia (sehemu ya nne): Dakika ishirini za mchimbaji Herd

Habari za wachimbaji kukamatwa ndani ya konsesyo za makampuni hazikauki hapa Kolwezi. Kila zinaposomwa redioni mimi humkumbuka Herd, mchimbaji wa makaa ya mawe ambaye nimewafundisha vijana kisa chake kwa miaka mingi. Kifungu cha 258 cha sheria yetu ya madeni ya mwaka 1888 tumekwisha kukichambua: kosa, hasara, na kiungo kati yao. Leo tushuke shimoni.

Tarehe 30 Mei 1911, huko Durham, kaskazini mwa Uingereza, Herd alishuka saa tatu na nusu asubuhi. Zamu ilikuwa iishe saa kumi jioni. Ilipofika saa tano, yeye na wenzake waliona kazi waliyopewa ni ya hatari, wakaikataa, wakaomba kupandishwa juu. Kampuni haikutaka. Saa saba na dakika kumi lifti ilikuwa tayari, haina kazi. Wao wameachwa chini, na hakuna njia nyingine ya kutokea juu. Walipandishwa saa saba na nusu. Kwa dakika hizo ishirini Herd alidai haki yake mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, iliyotoa hukumu mwaka 1914.

Ili kufungiwa kuwe kosa, sheria ya Waingereza hutaka mtu awe amezuiwa pande zote, kwa makusudi, na pasipo idhini ya sheria. Hasara hawaiulizi, kufungiwa kwenyewe kunatosha. Mwaka 1845 mtu aitwaye Bird alizuiwa kupita kwenye daraja la Hammersmith, London, akashindwa kesi kwa kuwa angeweza kurudi alikotoka. Herd angerudi wapi? Hata hivyo naye alishindwa. Majaji walisema alishuka kwa hiari yake chini ya mkataba, na kampuni haikuwa na wajibu wa kumpandisha kabla ya wakati.

Hukumu hiyo sijapata kuikubali. Mkataba wa kazi hununua jasho la mtu, haununui mwili wake. Wazee wetu wa Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, waliyaonja hayo chini ya dekreti ya tarehe 16 Machi 1922, iliyomfanya mfanyakazi aliyevunja mkataba kuwa mhalifu wa kupelekwa buloko. Mzungu aliyevunja mkataba alidaiwa fedha. Mwafrika alidaiwa mwili. Vijana wanapaswa kufundishwa jambo hili shuleni, maana tabia ile bado inaishi.

Turudi kwenye konsesyo za leo. Sheria ikimruhusu mlinzi kumshika kreseri, yaani mchimbaji wa mikono, aliyemfumania, humruhusu ili amfikishe mara moja kwa mwenye mamlaka aliye karibu. Kumfungia ndani ya kontena getini mpaka ndugu walete pesa ni kosa la jinai: kifungu cha 67 cha sheria ya adhabu kinampa mfungaji mwaka mmoja hadi mitano. Na kwa kifungu cha 260, mwajiri hulipia hasara aliyoisababisha mtu wake akiwa kazini. Kreseri akiwa ameingia pasipo ruhusa, kosa lake hilo lina parke yake.

Nimewaona akina mama nje ya kasho, bukari imefunikwa kwa kitambaa, wanaombwa pesa kwanza. Nikawauliza kijana alishikwa saa ngapi. Hakuna aliyejua.

Basi, ndugu msomaji wa Manika na Dilala, mtu wako akishikwa, andika saa, mahali, na jina la aliyemshika. Kifungu cha 18 cha Katiba ya mwaka 2006 kinampa polisi saa 48 tu: zikiisha, mtu huyo aachiliwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya sheria. Usipoandika saa, hutaweza kuonyesha kwamba zimepita.